Kurudi Earthsea: Ursula K. Le Guin na Ujenzi Upya wa Ulimwengu wa Kubuni katika Fantasia ya Watoto

Vitabu sita vya Ursula K. Le Guin kuhusu funguvisiwa la kubuni la Earthsea vilichapishwa katika kipindi cha miaka 33. Vitatu vya mwanzo, yaani A Wizard of Earthsea (1968), The Tombs of Atuan (1971) na The Farthest Shore (1972), vilipokelewa kama utatu uliokamilika. Kilifuata kimya cha miaka 18, kisha kikaja Tehanu (1990), na hatimaye Tales from Earthsea na The Other Wind, vyote viwili vya mwaka 2001. Pengo hilo limezaa usomaji unaomwona Le Guin wa 1990 kuwa alimsaliti Le Guin wa 1968 kwa kuitwika hadithi ya watoto mzigo wa siasa za jinsia. Hoja inayotetewa katika uhakiki huu ni kwamba ufa unaodaiwa kuletwa na Tehanu ulikwishaonekana ndani ya utatu wenyewe, hususan katika kitabu cha pili, na kwamba thamani kubwa ya Le Guin kwa fasihi ya watoto imo katika ukaidi wake wa kurudi kuuchunguza ufa huo badala ya kuufunika.

Le Guin alizaliwa Berkeley, California, tarehe 21 Oktoba 1929. Baba yake, Alfred Kroeber, alikuwa mwanaanthropolojia mashuhuri, na mama yake, Theodora Kroeber, ndiye aliyeandika Ishi in Two Worlds (1961), wasifu wa Mmarekani Mwenyeji aliyebaki peke yake katika kabila la Yahi. Ni vigumu kuusoma ulimwengu wa Earthsea, wenye visiwa ambavyo kila kimoja kina mila na nyimbo zake, bila kuikumbuka nyumba hiyo. Alisoma Radcliffe na Columbia, akaolewa na mwanahistoria Charles Le Guin mjini Paris mwaka 1953, akaishi Portland, Oregon, na kulea watoto watatu. Mwaka 1969 wahariri wa jarida la Playboy walimtaka atie herufi za kwanza tu za majina yake juu ya hadithi yake, ili msomaji asitambue kuwa mwandishi ni mwanamke. Alikubali. Tukio hilo ni dogo, lakini linaonyesha hali ya soko ambamo utatu wa kwanza uliandikwa.

Kitabu cha kwanza kilitokana na ombi la mchapishaji mdogo wa Berkeley, Parnassus Press, aliyetaka riwaya ya vijana. Mwandishi alianza na swali rahisi: wale waganga wazee wenye ndevu nyeupe wa hadithi za kale walikuwaje walipokuwa vijana, na walijifunzia wapi? Jibu lilikuwa shule ya kisiwa cha Roke na mwanafunzi wake Ged, mchunga mbuzi kutoka Gont ambaye kwa kiburi anakiachilia kivuli kinachomwinda hadi anapokiita kwa jina lake mwenyewe. Hapa Le Guin alikuwa tayari amepindua jambo moja zito. Ged ana ngozi ya hudhurungi nyekundu, rafiki yake Vetch ni mweusi, na weupe katika hadithi ni Wakargi wavamizi. Habari hii haitangazwi. Inaingia taratibu, baada ya msomaji kuwa amekwishajifunga na mhusika. Mbinu hiyo ilifaulu katika kurasa kuliko ilivyofaulu kwa waliozichukua: tamthilia ya televisheni ya mwaka 2004 ilimpa mwigizaji mweupe nafasi ya Ged, na Le Guin akaipinga hadharani kwa maandishi. Hata hivyo, mwandishi aliyeona mbali hivyo katika suala la rangi aliiacha Roke ikiwa shule ya wanaume watupu, na wanawake wenye uwezo wakabaki vijijini wakifanya kazi ambayo methali za visiwani humo zinaidharau. Riwaya ya 1968 inazitaja methali hizo kama ukweli wa kawaida, na msimulizi hazitilii shaka.

The Tombs of Atuan, kilichopata heshima ya Newbery mwaka 1972, ndicho kitabu ambacho wadai wa usaliti hukipita haraka mno. Mtazamo wa usimulizi unahama kutoka kwa Ged kwenda kwa Tenar, binti aliyechukuliwa kwa wazazi wake akiwa mdogo, akanyang'anywa jina na kuitwa Arha, yaani Aliyeliwa, ili awe kuhani wa nguvu za giza chini ya ardhi. Mahali pake ni patupu na pakavu, na mamlaka aliyopewa ni ya kutumikia kaburi. Msomaji anamjua Ged katika kitabu hiki kwa macho ya Tenar pekee, tena kwanza kama mwizi aliyenaswa katika njia za giza. Wokovu wao ni wa pande mbili: Ged anamrudishia jina, naye Tenar anamwonyesha njia ya kutokea. Kisha riwaya inakwama. Tenar anafikishwa Havnor kwa shangwe, lakini swali la atakachokuwa halijibiwi, kwa sababu ulimwengu ule haukuwa umeandaliwa nafasi ya mwanamke huru. Katika The Farthest Shore, kilichopata Tuzo ya Kitaifa ya Vitabu ya Marekani mwaka 1973 katika kundi la vitabu vya watoto, Tenar hayumo kabisa. Kutokuwapo kwake ndiko ufa wenyewe. Mhusika aliyebeba kitabu kizima ametoweka pasipo maelezo, na utatu unafungwa kwa safari ya mzee na mwanamfalme.

Tehanu inaanza kwa kujibu swali hilo, na jibu halina utukufu. Tenar ni mjane wa mkulima wa Gont, watoto wake ni watu wazima, mikono yake imezoea kazi ya shamba. Anamlea Therru, mtoto aliyebakwa na kutupwa motoni na watu wake mwenyewe, ambaye nusu ya uso wake imeungua. Ged anarudi akiwa amebebwa na joka Kalessin, nguvu zake zote zimekwisha, naye ana aibu ya mtu asiyejua kuishi bila cheo. Kwa kurasa nyingi hakuna linalotokea isipokuwa kupika, kuogopa wapita njia na kumfundisha mtoto kusokota sufi. Wasomaji waliotarajia safari walichukia, lakini riwaya ikapata tuzo ya Nebula. Katika mhadhara alioutoa Oxford mwaka 1992, Le Guin alieleza kwamba vitabu vya awali aliviandika ndani ya mapokeo ya kishujaa ya wanaume, na kwamba ilimbidi kutafuta mahali pengine pa kusimama. Udhaifu upo, na haufai kufichwa. Mganga mwovu Aspen amechorwa kwa wino mmoja tu, na joka linaloitwa na Therru mwishoni linaokoa mambo kwa wepesi ambao riwaya yenyewe, katika sura zake za katikati, ilikuwa imekataa kuukubali.

Suala la istilahi linastahili kutajwa hapa, maana msomaji wa Kiswahili analiona kwa namna ya pekee. Kiingereza kina neno moja la mwanamume mwenye elimu ya uganga na jingine, lenye harufu ya dharau, la mwanamke wa kijijini. Kiswahili hutenga mchawi na mganga kwa kigezo cha nia: mmoja huangamiza, mwingine hutibu, na yeyote kati yao anaweza kuwa mume au mke. Mfasiri wa Tehanu angelazimika kuunda ubaguzi ambao lugha haina, pengine kwa kutofautisha mganga wa Roke na mganga wa kijijini, la sivyo lengo la shutuma ya riwaya lingepotea. Kinyume chake kipo katika The Left Hand of Darkness (1969), riwaya ya watu wazima kuhusu sayari isiyo na jinsia za kudumu. Le Guin alikosolewa kwa kuwaita wakazi wake kwa kiwakilishi cha kiume, akajitetea katika insha ya 1976, kisha akaichapisha upya insha hiyo miaka kadhaa baadaye ikiwa na maoni yanayoupinga utetezi wake mwenyewe. Tatizo hilo lingeyeyuka katika neno "yeye". Kinachohusu uhakiki huu ni tabia ya mwandishi: hafuti alichoandika, anakiacha kionekane na kuandika kando yake.

Tabia hiyo ndiyo inayotawala vitabu vya 2001. Hadithi ya "The Finder" inasimulia kwamba Roke ilianzishwa na wanawake na wanaume pamoja, na kwamba wanawake waliondolewa baadaye. Kama historia ya kubuni, hili linashawishi kwa kiasi tu. Kosa la mwandishi linahamishiwa kwa wahusika, na msomaji mkali anaweza kuuona ujanja huo. The Other Wind inakwenda ndani zaidi. Mwaka 1972 Ged alitumia nguvu zake za mwisho kuuziba mlango uliofunguliwa kati ya walio hai na wafu, na nchi kavu ya wafu, yenye ukuta wa mawe ya chini, ilionekana kuwa sehemu ya utaratibu wa ulimwengu. Mwaka 2001 inabainika kwamba nchi hiyo iliibwa kutoka kwa majoka na waganga wa kale waliotaka kuishi milele kwa nguvu ya majina, na wafu wenyewe wanaomba kuachiliwa. Ukuta unabomolewa. Elimu ya majina, iliyokuwa fahari ya kitabu cha kwanza, inageuka kuwa chombo cha wizi. Si rahisi kutaja mwandishi mwingine wa watoto aliyeugusa msingi wa ulimwengu wake mwenyewe kiasi hiki, tena akiwa na umri wa miaka 71, ilhali kitabu kilichopingwa ndicho kilichomjengea jina.

Wanaobomoa ukuta huo ni fundi wa kuziba vyungu aliyefiwa na mke, mfalme, binti wa kifalme wa Wakargi, Tehanu aliyeungua, na waganga wachache wa Roke. Tenar naye ameitwa kwa mfalme, ambako ushauri wake unatafutwa. Ged hayumo safarini. Amebaki Gont akiangalia mbuzi na bustani, na katika kurasa za mwisho Tenar ndiye anayefika kutoka mbali akiwa na habari za ulimwengu, na Ged ndiye aliyekuwa nyumbani akimngoja.