Shule Yetu Katika Magazeti ya Zamani

Kamati ya shule ya msingi niliyosoma, katika kijiji kimoja cha Ruangwa, iliniomba niandike historia ya shule, ili mwaka wa kuanzishwa kwake uchorwe kwenye jiwe mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu. Rejista za mwanzo zilikuwa zimeliwa na mchwa. Nikakimbilia magazeti, nikiamini kwamba kilichopigwa chapa hakina ubishi.

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba mtafutaji wa habari za kwetu hupotezwa na majina. Ruangwa ilipewa hadhi ya wilaya mwaka 1995. Kabla ya hapo ilikuwa ndani ya Nachingwea. Mkoa wa Lindi nao ulitengwa na Mtwara mwaka 1971, na enzi za Mwingereza sote tulikuwa Jimbo la Kusini. Anayetafuta Wilaya ya Ruangwa katika gazeti la mwaka 1965 atarudi mikono mitupu.

La pili, si kwamba magazeti hayakuijua Nachingwea. Mpango wa Karanga, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, uliifanya isomwe hadi London. Matrekta yalihesabiwa, ekari zikahesabiwa, mamilioni ya pauni yaliyopotea yakahesabiwa. Katika kurasa nilizofunua, watoto wa vibarua sikuwaona. Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilikuwa karibu zaidi na shule, maana lilitolewa na Idara ya Elimu yenyewe. Hata hivyo gazeti, liwe la serikali au la chama, lina desturi moja: huifikia shule siku ya mgeni rasmi, na mgeni akiondoka nalo huondoka.

Ndivyo nilivyoikuta shule yetu. Ilikuwa aya moja katika gazeti la miaka ya sabini, baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani ifikapo Novemba 1977. Mgeni rasmi alifungua madarasa mawili, akawapongeza wananchi kwa kujitolea. Basi. Nilinakili tarehe kwa furaha, nikaipeleka kijijini.

Bibi mmoja alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mwalimu, hayo madarasa aliyafungua nani?" Nikamtajia. "Na kabla ya hapo aliyafunga nani? Watoto wetu walikuwa wanasoma humo tangu masika ya mwaka wa nyuma yake."

Akanipeleka nyuma ya shule, kwenye bonde dogo lililoota nyasi. Hapo ndipo ulipochimbwa udongo wa matofali. Wanawake walibeba maji kutoka mtoni, wanaume wakakata kuni za tanuri. Asubuhi moja ukingo uliporomoka ukamfukia mdogo wake. Walimzika, wakaomboleza, wakarudi kufyatua matofali. Neno "kujitolea" lilikuwa limeyafunika yote hayo.

Gazeti halikusema uongo. Tarehe yake ni ya kweli, na bila gazeti hilo tungebaki na "zamani za akina babu". Kosa lilikuwa langu: nilichukua siku ya sherehe nikaifanya siku ya kuzaliwa. Nilipaswa kwenda kwanza kwa bibi, ndipo niende maktaba nikiwa na maswali yake. Wahenga walinena, asiyekuwapo na lake halipo. Lakini yeye alikuwapo. Mwandishi wa habari ndiye aliyechelewa kufika.

Niliirudia kamati, nikaieleza. Wakanijibu kwa upole kwamba maneno ya bibi hayana karatasi, na tarehe ya gazeti inayo. Jiwe likachorwa hivyo. Karatasi hiyo niliwapelekea mimi mwenyewe, kwa hiyo nimeona ni haki niandike na hii, ili naye bibi awe na yake.