Sifa za Kipande Kinachorudi

Lawama ni ya siku nyingi: anayetengeneza muziki kwa lupu, yaani vipande vilivyorekodiwa na mtu mwingine, hajatunga, ameokota. Hewani, kijiji cha Wapokomo kwenye ukingo wa Tana upande wa Garsen, ni mahali pazuri pa kuijibu. Tuni mashuhuri kuliko zote zilizotoka kwa watu wa mto huu ilikuwa kipande kifupi cha kurudiwarudiwa, na waliokifanya kikubwa hawakukitunga.

Wimbo wa kumbembelezea mtoto hauna utangulizi wala tamati. Mama huuanza popote, huuzungusha, huupunguza kasi macho ya mwana yanapolegea. Mwaka 1963, Kenya ikijiandaa kwa uhuru, watu watano walipewa kazi ya kuandaa wimbo wa taifa: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Waliichagua tuni ya wimbo wa kubembelezea wa Kipokomo, iliyowafikia kupitia Mzee Meza Galana wa Tana. Wakaipangia sauti, wakaitilia beti tatu kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Kilichokuwa kikiwalaza watoto kikaanza kuwasimamisha watu wazima. Ufundi wao mkubwa ulikuwa wa sikio: waliusikia wimbo wa taifa mahali ambapo wengine walisikia mtoto akinyamazishwa.

Sikio hilo ndilo analohitaji kijana aliyekaa mbele ya kompyuta leo. FL Studio, programu ya Ubelgiji inayotumika sana katika studio zetu, ilizaliwa mwaka 1997 ikiitwa FruityLoops. Mwaka uliofuata ikatoka ACID, iliyomwezesha mtu kuharakisha au kupunguza kasi ya kipande bila kuipandisha wala kuishusha sauti yake. Mwaka 2004 Apple wakaleta GarageBand, iliyokuja na lupu tele za bure. Ngoma inayosikika katika “Umbrella” ya Rihanna, wimbo uliotamba mwaka 2007, ni mojawapo ya lupu hizo. Mamilioni ya watu walikuwa nayo kwenye mashine zao, bila kuigusa au wakaigusa isizae kitu. Kupatikana kwa kipande ni jambo moja, kukitambua ni jingine.

Baada ya kutambua huja kukata. Lupu hukatwa pale wimbi la sauti linapopita kwenye sifuri. Ukikosea hapo, kila inaporudi itatoa mlio mdogo wa “tik”, nao utamkera msikilizaji asijue anakerwa na nini. Mwangwi wa ngoma nao uachiwe nafasi ya kufa wenyewe. Kisha kuna hesabu. Ngoma nyingi za Pwani hutembea kwa mapigo ya tatu-tatu, ilhali lupu nyingi zinazouzwa zimehesabiwa nne-nne. Fundi mvivu huilazimisha moja iifuate nyingine. Fundi hodari huziacha zote mbili zizunguke, ya mapigo matatu na ya mapigo manne, akijua kwamba zitakutana tena baada ya mapigo kumi na mbili, na hapo ndipo anapompa mwimbaji aingilie.

Lupu ya mapigo 16, kwa kasi ya mapigo 120 kwa dakika, huchukua sekunde nane. Katika wimbo wa dakika nne itarudi mara 30. Mwanzoni mchezaji huifuata, baadaye huacha kuisikia, mwili wake tu ukiendelea nayo. Hapo ndipo prodyuza anapoiondoa ghafla kwa pigo moja kabla ya kiitikio, na ukumbi mzima unashtuka. Hakuongeza kitu. Alijua tu ni wakati gani wa kunyamaza.

Na si ukumbini tu: makanisani kote Pwani, kwaya nyingi zimekwishazoea kuimba juu ya midundo iliyorekodiwa kiwandani ndani ya kinanda cha umeme. Dar es Salaam wameenda mbali zaidi: watengenezaji wa muziki wa singeli huchukua kipande cha taarabu, wakakizungusha na kukikimbiza hadi kikapita mapigo 200 kwa dakika. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa Sounds of Sisso, mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso ya Mburahati. Majonzi ya taarabu, yakikimbizwa hivyo, hugeuka kuwa pupa, na pupa hiyo ni utunzi mpya kabisa.

Lakini sifa hizi zina deni ndani yake. Mwaka 1969 Gregory Coleman wa bendi ya The Winstons alipiga ngoma peke yake kwa takriban sekunde saba katika “Amen, Brother”. Sekunde hizo zimekuwa msingi wa maelfu ya nyimbo duniani, naye akafa mwaka 2006 bila kulipwa chochote kwa matumizi hayo. Kipande kikisafiri bila jina, mwenyewe hubaki nyuma. Watoto wangapi wa Kenya huimba wimbo wa taifa kila wiki shuleni bila kuambiwa kwamba tuni yake ni ya Kipokomo?

Kwa hiyo fundi wa lupu aliyeko Hewani asiridhike na kupakua tu. Mchi unaotwanga mpunga una mdundo wake, kafi ikiingia majini ina wake, na ngoma za wazee zinao usiopatikana katika duka lolote la mtandaoni. Arekodi mapigo 16, akate kwa uangalifu, alipe waliopiga. Desturi ya kazi hii ni kuandika kasi na chombo kwenye jina la faili; yeye aongeze kijiji. Prodyuza wa Berlin au wa Mburahati atakayeitaka sauti hiyo atalazimika kusoma “Hewani” kabla hajaisikia.