Mita Moja na Nusu ya Mwisho: Waya wa Mashine ya Bitcoin Milimani

Mwenye mpango wa kuchimba bitcoin huulizia kwanza bei ya mashine, kisha bei ya uniti ya umeme. Waya huja mwisho, tena mara nyingi hununuliwa na kijana aliyetumwa dukani akaambiwa alete "ule wa kompyuta". Nataka nianzie huko mwisho. Ukifuata umeme kutoka kwenye turbaini hadi kwenye chipu, utakuta kwamba sehemu inayoungua ni fupi na inajulikana: mita moja na nusu ya mwisho, na hasa ncha zake mbili.

Mfano mkubwa wa kazi hii katika ukanda wetu uko Luviro, Kivu Kaskazini. Hifadhi ya Taifa ya Virunga, chini ya mkurugenzi wake Emmanuel de Merode, ilianza kuchimba bitcoin Septemba 2020 kwa umeme wa mtambo wake wa maji, ikishirikiana na Mfaransa Sébastien Gouspillou wa Big Block Green Services. Utalii ulikuwa umeanguka. Mwaka 2018 hifadhi ilifungwa baada ya watalii kutekwa, halafu ikaja korona. Maji yaliendelea kuteremka, na wateja wa kutosha wa umeme walikuwa bado hawajaunganishwa. Makontena yalifika 10, kila moja likibeba mashine kati ya 250 na 500. Kenya nako, kampuni ya Gridless iliyoanzishwa 2022 na Erik Hersman, Philip Walton na Janet Maingi ilipeleka mashine kwenye mtambo mdogo wa maji wa HydroBox huko Murang'a, baadaye ikavuka hadi Bondo nchini Malawi na Zengamina nchini Zambia. Hoja yao wote ni moja: mto hauzimwi saa nne usiku kijiji kinapolala.

Sasa tuhamishie hesabu Bulwa, kwenye chai ya Usambara, upande wa Amani, ambako mvua ya mwaka hukaribia milimita 2000 na ukungu huingia ndani ya nyumba bila hodi. Bulwa nimeichukua kama mahali pa kufanyia hesabu. Hata hivyo mfano huu haukuokotwa hewani, kwa sababu chai na umeme wa mto vilishakutana hapa Tanzania: mtambo wa Mwenga kule Mufindi, megawati 4, ulianza kazi 2012 ukilisha viwanda vya chai na vijiji vilivyouzunguka. Upande wa sheria nitaupita haraka. Benki Kuu ilitoa tangazo la kuzuia sarafu hizi Novemba 2019, Juni 2021 Rais Samia akaiagiza ijiandae nazo, na Sheria ya Fedha ya 2024 ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijiti. Atakayetaka kuweka kontena aanze kwa mwanasheria, kisha arudi kwa fundi.

Tuanze na kizazi cha zamani, maana ndicho kilichozaa biashara nzima ya nyaya za kuagiza. Antminer S9 ilikuwa na bodi tatu za chipu, kila bodi ikilishwa kwa plagi tatu za pini sita, na plagi ya kumi ikienda kwenye bodi ya uendeshaji. Umeme wake ni wa volti 12, na mashine hula takribani wati 1350. Gawanya: ni ampea 112. Fundi wa nyumba aliyezoea sakitibreka ya ampea 32 kwa mzunguko mzima wa soketi akiambiwa kwamba kisanduku cha kubebwa kwa mkono mmoja kinapitisha ampea 112 atadhani anataniwa.

Ampea hizo hugawanywa ili zibebeke. Kwa plagi tisa za bodi, kila plagi inapata kama 12.5, na kwa kuwa kila plagi ina pini tatu za kupeleka, kila pini inabeba takribani 4.2. Pini ya aina hiyo huvumilia kama 8, kwa hiyo kwenye karatasi kila kitu kiko salama. Shida inaanza pini moja inapolegea. Plagi haizimiki, na mashine haionyeshi dalili yoyote. Pini mbili zilizobaki zinachukua mzigo wa ile ya tatu, kila moja ikawa na 6.2. Ya pili ikilegea, ile moja iliyobaki inabeba 12.5 yote. Joto kwenye kiungo hupanda kwa mraba wa mkondo: mkondo ukiwa mara tatu, joto ni mara tisa. Plastiki nyeusi ya plagi inaanza kung'aa, inanuka, inayeyuka, na mtu anailaumu mashine.

Wachimbaji wengi wa zama zile hawakununua pawasaplai mpya. Walitumia za seva zilizokwisha kustaafu, hasa za HP za wati 1200, wakazipachika kibodi kidogo cha kugawia umeme, kisha wakaagiza nyaya zikatwe kwa urefu wao. Hapo ndipo waya wa kutengenezwa ulipopata maana yake halisi. Pawasaplai ya seva haiji na nyaya za kufika kwenye mashine, na zile za dukani zimekatwa kwa ajili ya kompyuta ya mezani: ndefu kupita haja na nyembamba. Chukua waya mwembamba wa kawaida, kama milimita 0.8 za mraba, mita mbili kwenda na mbili kurudi. Kwa ampea 4.2 unapoteza karibu volti 0.35. Kwenye volti 230 hasara hiyo hakuna atakayeiona, lakini kwenye 12 ni asilimia 3, na bodi ya chipu inaihisi. Kata waya ule ule uwe sentimita 60, hasara inashuka hadi kama 0.1. Tumia mnene zaidi, milimita 1.3, inashuka tena. Unene unagharimu shaba. Ufupi unagharimu kupanga mapema mashine ikae wapi. Ningeanza na ufupi.

Kulikuwa pia na mtindo wa kuchukua plagi ya umeme wa diski, ile bapa, na kuigeuza iwe ya pini sita kwa kiunganishi cha bei ya chini. Plagi ile imepimiwa wati 54 upande wa volti 12. Plagi ya pini sita inaruhusiwa 75, na kwenye mashine za kuchimba ilikuwa ikibebeshwa 150. Kiunganishi cha namna hiyo hakifai kabisa, na sioni sababu ya kutafuta maneno laini.

Watengenezaji walilielewa somo. Kwenye Antminer S17 na S19 nyaya za volti 12 ziliondoka: pawasaplai ikabandikwa kwenye mashine na umeme ukapita kwenye vipande vya shaba vilivyofungwa kwa skrubu. Wati 3250 kwa volti 12 ni ampea 271, na hakuna plagi ya kuchomeka kwa kidole inayostahili kuaminiwa na mzigo huo. Lakini tatizo halikufa. Lilihamia upande wa pili, kwenye waya wa volti 230, yaani mikononi mwa fundi wa Muheza au Lushoto.

S19 ina matundu mawili ya umeme, ya umbo lile lile la nyuma ya kompyuta. Wati 3250 kwa 230 ni ampea 14.1, yaani 7 na kidogo kwa kila waya. Kiungo chenyewe kimepimiwa ampea 10, kwa hiyo kinatosha. Waya uliotoka dukani ndio wa kuangalia. Soma maandishi yaliyochapwa ubavuni. Nyaya nyingi za kompyuta za ofisi ni milimita 0.75, na ukubwa huo hupimiwa ampea 6. Kompyuta ya ofisini haifiki hata 2, ndiyo maana waya huo umeishi miaka yote bila lawama. Ukiupa ampea 7 usiku na mchana, nyuma ya feni inayotema hewa moto, umeuvusha mpaka wake siku ya kwanza. Agiza milimita 1.5, ule ambao mafundi wetu huutumia kwenye taa na kuuita wa moja na nusu, lakini uwe wa nyuzi nyingi laini, maana ule wa ukutani ni mgumu na mtikisiko wa feni utauchosha shingoni.

Wapo wanaotetea waya mnene kwa hoja ya kuokoa umeme. Hoja hiyo ni dhaifu. Kwa mita moja na nusu, waya wa 0.75 unapoteza kama wati 4, na wa 1.5 unapoteza wati 2. Kwa mashine yenye nyaya mbili tofauti ni wati 4, ambazo kwa mwaka mzima ni uniti 35 hivi. Hakuna atakayetajirika kwa hizo. Waya mnene unanunuliwa kwa ajili ya joto la kwenye shingo ya plagi, pale ambapo wati mbili tatu hukaa ndani ya plastiki ndogo isiyopumua.

Na kuna jambo ambalo mlimani lina uzito kuliko mjini. Balbu ya zamani volti zikishuka hufifia na kula umeme kidogo. Mashine hii haifanyi hivyo. Pawasaplai yake imeundwa kutoa nguvu ile ile, kwa hiyo volti zikishuka huvuta mkondo zaidi kufidia. Kwenye 230 ilikuwa 14.1, kwenye 200 ni 16.25, kila waya ukapita ampea 8. Mtambo mdogo wa mto, wenye laini ndefu inayopita mabondeni, hushusha volti saa za jioni watu wanapowasha, kwa hiyo saa ile ile kijiji kinapotumia zaidi ndiyo saa ambayo waya wa mashine unachemka zaidi. Ndiyo sababu mpango mzuri ni mashine kupunguzwa kwa programu jioni na kuongezwa usiku wa manane. Gridless wameijenga biashara yao juu ya mzigo wa namna hiyo, unaopanda na kushuka kufuata mto na kijiji. Kwa mtambo wa maji ni faida ya pili, kwa sababu umeme wa ziada ambao kwa kawaida humwagwa kwenye hita ili turbaini isikimbie sasa una kazi.

Fundi wa kiwanda cha chai ana kitu cha kuanzia hapa. Feni za kunyausha majani hukesha, na yeye anajua mota, kontakta na fezi tatu. Mashine 20 za S19 ni kilowati 65, kama ampea 94 kwa kila fezi zikigawanywa sawasawa, na hilo halimtishi. Linaloweza kumponyoka ni kwamba mota yake imefungwa kwa skrubu na teminali nzito, wakati mashine 20 zinakuja na plagi 40 za kuchomeka tu, zote zikitikiswa na feni zake zenyewe. Kwa hiyo waya wa kuagiza uwe na plagi yenye kufuli, inayokataa kuchomoka hadi ubonyeze. Waya wa matawi mawili, unaotoka kwenye soketi moja ya ampea 16 kulisha matundu yote mawili, una mvuto kwa sababu unapunguza soketi. Kwa ampea 14.1 mfululizo umebakiza nafasi ndogo mno, na volti zikishuka hadi 200 umeshapita 16. Mimi nisingeuweka Bulwa.

Kuhusu kutengeneza: ncha zifinywe kwa koleo la kufinyia lenye umbo la teminali husika, siyo plaizi ya kawaida. Kulehemu kwa risasi kunapendwa kwa sababu kunaonekana imara, lakini waya uliolehemiwa ukibanwa na skrubu risasi huendelea kusinyaa taratibu chini ya shinikizo, na baada ya miezi skrubu iko legelege bila kuguswa na mtu. Kwenye skrubu weka kikofia cha shaba kilichofinywa. Kabla ya kununua roli, kwangua uzi mmoja kwa kisu. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa, ambayo hupitisha umeme kama theluthi mbili tu ya shaba ya kweli, milimita 1.5 yake ni sawa na milimita 1. Uzito nao husema, roli bandia ni jepesi mkononi. Na kwa ukungu wa Amani, chagua nyuzi zilizopakwa bati, kwa sababu mashine zikizimwa kontena hupoa, unyevu huganda kwenye pini baridi, na shaba tupu hugeuka kijani.

Kazi ikiisha, washa nusu ya mashine na uache saa 24. Kisha pita na kipimajoto cha kuelekeza, plagi moja baada ya nyingine. Linganisha jirani na jirani, maana hali ya hewa ya chumba ni moja kwa zote. Plagi inayozidi wenzake kwa nyuzi 10 usiikaze na usiifunge kwa selotepu: zima, kata ncha, finya upya. Wiki moja baadaye, mashine zote zikiwa zimewaka, rudia jioni, saa moja hadi saa tatu, wakati volti za laini ziko chini kabisa.