Msamiati wa Kiswahili kwa Wanafunzi Wasomali wa Garissa

Tangu Gredi ya 7 ianzishwe nchini Kenya mwaka 2023, suala la msamiati limezidi uzito katika shule za Garissa, ambako Kisomali ndicho kinachosemwa katika nyumba nyingi. Mazoea ni kuwakaririsha wanafunzi orodha za maneno na maana zake, kana kwamba hawajui hata moja. La hasha! Mtoto wa Kisomali huja darasani na kitaab, waqti, xisaab na saabuun (herufi x katika maandishi ya Kisomali ya mwaka 1972 ni h ya kooni), maneno ya Kiarabu yaliyotupatia kitabu, wakati, hesabu na sabuni.

Kinachomtatiza ni ngeli. Kiswahili kiliigeuza silabi ya kwanza ya kitaab kuwa kiambishi, vikapatikana vitabu. Wakati nao ukazaa nyakati, ilhali hesabu na sabuni hazikubadilika umbo. Nomino za Kisomali hugawanyika kwa jinsia, ya kiume na ya kike, basi mwanafunzi hana pa kuegemea, wala orodha haimsaidii. Yafaa kila neno lifundishwe ndani ya sentensi, umoja na wingi: kitabu kimepotea, vitabu vimepotea, wakati umefika, nyakati zimefika.