Heko, Mwalimu wa Masomo ya Jamii

Ukishika Ndia Kuu kutoka Ngome ya Yesu, Mombasa, huenda ukakuta wanafunzi wamejibanza kivulini, chini ya roshani ya mbao, mwalimu akiwauliza: majahazi yalifikaje hapa bila injini? Mmoja atajibu upepo wa kaskazi, mwingine atakumbuka kusi ya kurudia. Papo hapo jiografia imezaa biashara, na biashara imezaa Mji wa Kale. Ngome nayo Wareno walianza kuijenga 1593, Waomani wakaitwaa 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Shabashi, mwalimu!

Kazi hii haiokotwi njiani. Atakaye kufundisha sekondari hutakiwa apate wastani wa C+ katika mtihani wa kidato cha nne (KCSE), na C+ katika masomo mawili atakayofundisha. Hufuata miaka 4 ya shahada ya ualimu, kwa mfano Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, mazoezi ya kufundisha yakiwemo, kisha usajili wa Tume ya Huduma za Walimu (TSC). Kijana wa hapa akiniuliza, nitamwambia aoanishe Historia na Jiografia, na aanze kutembea mtaa wake na daftari mkononi kabla ya barua ya chuo kufika.