Nyuma ya Pazia: Mchezo Juu ya Mwimbaji Billie Holiday

Wakristu wengi wa kwetu, wakisikia neno «jazz», hufikiri mara moja makundi ya Léopoldville ya zamani, African Jazz ya Kabasele na OK Jazz ya Franco. Makundi yale yalichukua jina tu. Muziki wao ulikuwa rumba. Jazz yenyewe ilizaliwa kwa Weusi wa Marekani, wajukuu wa watumwa, na mmoja wa waimbaji wake wakubwa ni mwanamke aliyebatizwa katika Eklezya yetu: Billie Holiday. Leo tunataka kupima mchezo wa kuigiza ulioandikwa juu yake.

Mchezo huo unaitwa Lady Day at Emerson's Bar and Grill. Mwandishi wake ni Lanie Robertson, nao ulichezwa kwanza mwaka 1986 katika mji wa Atlanta. Mwaka 2014 ulichezwa Broadway, na Audra McDonald, aliyejivika sura ya mwimbaji, akapewa tuzo ya Tony, ya sita kwake. Mwaka 2016 ulionyeshwa kwa televisheni, hata sisi tulio mbali tukaweza kuutazama.

Tuko Philadelphia, Machi 1959, ndani ya baa ndogo. Mwimbaji amebakiza miezi minne ya kuishi. Anaimba, anakunywa, anasimulia maisha yake, anakunywa tena, na mpiga piano anajaribu kumrudisha kwenye wimbo kama mchungaji anayemrudisha mbuzi njiani. Kwa nini mtu mwenye jina kubwa vile aimbe mahali padogo vile? Mwaka 1947 alihukumiwa kwa ajili ya heroini, akatiwa gerezani. Alipotoka, mji wa New York ulimnyima kibali cha kuimba mahali panapouzwa pombe. Kumbi kubwa ziliweza kumpokea, baa za mji hazikuweza. Basi mkate wake aliutafuta kwingine.

Kuna saa moja katika mchezo huu ambayo twaisifu bila kusita. Mwimbaji anaondoka mbele ya watu, anakwenda nyuma. Hatuonyeshwi anachofanya huko. Anaporudi, glavu yake ndefu imeshuka, na mkono unaonyesha alama za sindano. Hakuna anayetufafanulia neno. Mwandishi angeweza kutuingiza chumbani tuone yote, kama filimu nyingi zinavyopenda. Yeye ameacha pazia lifungwe, na kwa hiyo twaona zaidi.

Lakini kwa mengine hakufuata heshima hiyo. Mwimbaji wake anasema, anasema, anasema. Kila kidonda kinafunuliwa: mama, mume, gereza, mtoto aliyetendwa vibaya. Billie Holiday wa kweli hakuimba hivyo. Mwaka 1939, New York, katika Café Society, aliimba Strange Fruit, wimbo juu ya Weusi walionyongwa mitini. Aliuweka mwisho kabisa. Watumishi waliacha kugawa vinywaji, taa zilizimwa, mwanga mmoja tu ukabaki usoni pake. Akimaliza, aliondoka wala hakurudi hata watu wakipiga makofi. Yule ni mtu aliyejua kupima kimya. Sauti yake haikuwa kubwa. Alichelewa kidogo nyuma ya ngoma, akaacha maneno yakae. Kazi hiyo, ambayo ilimtaka akili na juhudi nyingi, mchezo unaigusa kidogo mno. Mtazamaji aweza kutoka akifikiri kwamba aliimba vizuri kwa sababu aliteseka. Wangapi wameteseka wala hawakuimba!

Tunge­furahi kama mwandishi angechagua usiku mwingine, ule wa tarehe 27 Machi 1948. Mwimbaji alikuwa ametoka gerezani siku 11 tu. Alijitayarisha kuimba Carnegie Hall, tena usiku wa kuamkia Pasaka. Mwenyewe alisimulia kwamba alipojipamba kwa maua yake meupe ya gardenia, pini ndefu ilimchoma kichwani, damu ikatoka, naye akaingia kuimba vivyo hivyo. Ukumbi ulijaa.

Kuna tena jambo linalotugusa sisi Wakatoliki, wala tusiliruke. Mwaka 1925, akiwa na miaka 9, mahakama ya Baltimore ilimpeleka katika nyumba ya masista, House of the Good Shepherd, kwa sababu ya kutoroka masomo. Humo alipata ubatizo. Mwaka 1926 alirudishwa humo mara ya pili, baada ya mwanamume mmoja kumtendea jeuri: aliyeumizwa ndiye aliyefungiwa! Katika kitabu alichotoa mwaka 1956 alisimulia juu ya adhabu kali za nyumba ile. Hata hivyo imani hakuitupa. Mwaka 1959, alipolazwa hospitali New York, polisi waliwekwa kumlinda kama mwizi. Padri naye alifika na Sakramenti za mwisho. Alikufa tarehe 17 Julai, akiwa na miaka 44, na Misa yake ilisomwa katika kanisa la Mtakatifu Paulo Mtume, mbele ya umati mkubwa.

Watoto wasionyeshwe mchezo huu. Maneno yake ni makali, na vitu vingine si vya macho yao. Wakubwa wautazame, hasa wale wanaoongoza kwaya na wenye kuwapokea waimbaji ambao nyumbani mwao mambo hayako sawa. Saa ile ya glavu wairudie mara mbili.