Droo ya Sumaku

Katika vinu vingi vya posho, vikiwemo vya Nakuru, chini ya hopa hufungwa sumaku ya kudumu. Mahindi yakiteremka, msumari au kipande cha waya kilichotoka guniani hunaswa hapo kabla hakijafika kwenye nyundo na kutoboa chekeche. Shida ni kuisafisha. Ikishajaa vyuma hainasi tena sawasawa, na fundi hana budi kuzima mashine aingize mkono.

Tuseme fundi mmoja ameipachika sumaku hiyo kwenye droo inayovutwa nje, kisha akaomba hataza kwa KIPI, taasisi ya Kenya ya mali ya viwanda. Hapo ndipo inapoanza kazi ninayoistahi sana, kazi ya mkaguzi. Anachimbua andiko la zamani la kinu chenye sumaku, lakini hakina droo. Anachimbua jingine la mashine ya chai, yenye sumaku kwenye droo, kwani hata viwanda vya Kericho huhangaika na chembe za chuma zinazomomonyoka kwenye rola. Hakuna andiko moja lenye kinu cha nafaka na droo ya sumaku kwa pamoja, kwa hiyo kitu ni kipya. Lakini Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001, kifungu cha 24, inadai zaidi: je, mtu mwenye ujuzi wa fani hiyo angeliona jambo hili wazi siku ombi lilipowasilishwa?

Ugumu ni kwamba mkaguzi ameshalisoma jibu. Inambidi aliweke kando, asimame mahali pa fundi kabla ya ombi, na aonyeshe kwa nini maandiko hayo mawili yangekutana. Asipopata sababu, atakuwa anakata kitambaa kwa kufuatisha nguo iliyokwisha kushonwa.

Sumaku zenyewe zina mfano wa sababu kama hiyo. Neodimiamu, chuma na boroni vilijulikana vyote zamani, ila sumaku kali za miaka ya 1970 zilitegemea samariamu na kobalti. Masato Sagawa wa Japani aliwaza kwamba atomi ndogo za boroni zingezitenganisha zile za chuma zilizobanana mno. Ombi lake la hataza ya sumaku ya viungo hivyo vitatu ni la 1982. Viungo vilikuwepo, sababu ya kuviunganisha ndiyo aliyoileta yeye.

Mkaguzi akilikataa ombi la fundi, kwenye rufaa wakili hodari halisifu wazo la mteja wake. Hulifungua upya lile andiko la chai, aya kwa aya, akitafuta onyo: pengine linasema droo inafaa majani makavu yanayopita polepole tu. Basi fundi wa mahindi yanayoporomoka angesita. Naye mkaguzi hujibu kwa vipimo: mwinamo wa mkondo, kasi ya punje, umbali kati ya nafaka na sumaku.